Fuvu lilirudi Kalenga, sauti bado: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya utamaduni Nyanda za Juu Kusini

Kwa:
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni,
Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe,
Maofisa Utamaduni wa halmashauri zote za mikoa hiyo.

YAH: KUREJESHWA KWA NAKALA ZA MUZIKI WA JADI ULIOREKODIWA KWETU, NA KUREKODIWA KWA WAZEE WALIO HAI

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima naomba niwafikishie jambo ambalo nimekaa nalo moyoni kwa miaka kadhaa, na ambalo nimeamua kuliandika hadharani kwa sababu linawahusu watu wengi wasio na njia ya kufika ofisini kwenu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili na mwalimu wa kwaya, mkazi wa Gangilonga hapa Iringa mjini, mtaa ambao jina lake kwa Kihehe lina maana ya jiwe linalosema. Kila Jumapili jioni watu saba au wanane hukutana kibarazani kwangu, walimu wenzangu, fundi redio mmoja, na mfanyabiashara wa mbao atokaye Mafinga, nasi husikiliza muziki wa asili wa mataifa ya dunia kwa simu iliyounganishwa na spika ndogo. Sharti letu ni moja tu: anayeleta wimbo aeleze nani anaimba, anaimba wapi, na wimbo huo huimbwa katika kazi gani au tukio gani, maana wimbo wa kutwanga nafaka ukiusikiliza kama wimbo wa harusi utakuwa hujausikia.

Kwa njia hiyo tumeisikia kora ya Wamandinka wa Mali na Gambia, yenye nyuzi 21, ikipigwa na watu ambao baba na babu zao walikuwa wapigaji wa kora. Tumewasikia wanaume wa nchi ya Georgia wakiimba kwa sauti tatu zinazogongana na kupatana, na mfugaji wa Tuva, huko Siberia nchini Urusi, anayetoa kooni sauti mbili kwa wakati mmoja, ya chini ikinguruma na ya juu ikipiga kama mluzi. Tumemsikia pia marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, jirani yetu wa kaskazini, ambaye aliifikisha ilimba, ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na zeze katika majukwaa makubwa ya Ulaya kabla ya kufariki mwaka 2003. Nakiri kwamba jioni hizo zimenifundisha kusikiliza kuliko miaka yangu yote ya kusimamisha kwaya.

Jumapili moja fundi redio aliuliza nani ataleta wimbo wa Kihehe, au wa Kibena, au wa Kinyakyusa, uliopigwa kwa ala za kale na watu waliozijua. Wiki mbili zilipita bila mtu kuleta. Tulikuwa na nyimbo za kwaya kwa mamia, tulikuwa na video fupi za vikundi vya ngoma vikipokea wageni wa serikali, lakini mzee wa zamani akipiga ligombo na kuimba mpaka mwisho wa wimbo wake hatukuwa naye. Hatimaye kijana mmoja alimpata, na alimpata Uholanzi. Ni albamu ya muziki wa ala za Tanganyika iliyotolewa upya huko, na sauti zake zilinaswa mwaka 1950 na Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika na kuzunguka nchi nyingi za bara hili akirekodi wapigaji na waimbaji wa vijijini.

Ligombo, kwa msomaji asiyelifahamu, ni ubao uliochimbwa kama mtumbwi mdogo, na juu yake uzi umepitishwa huku na huku mara kadhaa, kila mpito ukiwa na sauti yake. Ni ndugu wa inanga ya Burundi na Rwanda. Mpigaji hulipiga polepole huku akiimba kwa sauti ya chini, karibu na kusema, na asiyejua Kihehe anaweza kudhani kwamba uzito wote umo katika uzi. Nami nilidhani hivyo, hadi nilipompelekea mzee mmoja wa kijiji kilicho mbele ya Kalenga, mwenye umri unaopita miaka 80, rekodi hiyo ndani ya simu. Aliishikilia simu sikioni kama anayepokea habari ya msiba, akaniomba nirudie, kisha nirudie tena. Nilipoanza kumsifia namna nyuzi zinavyolia, alinikatiza: “Mwalimu, wewe unasikiliza uzi. Huyu anasema.” Akaanza kunieleza neno kwa neno, Kihehe cha ndani ambacho mimi, niliyezaliwa mjini kwa wazazi wa Kihehe, nilikuwa nakipata nusu tu, na kila alipofika kwenye tungo asiyoielewa alisema wazi kwamba hapo angemuuliza dada yake.

Waheshimiwa, maneno ya mzee huyo ndiyo chanzo cha barua hii. Rekodi za Tracey zimetunzwa kwa uangalifu mkubwa, wala sina lalamiko juu ya watunzaji wake. Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ambayo baada ya kifo chake mwaka 1977 ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji wa Afrika Kusini unaoitwa sasa Makhanda. Katika mfululizo mmoja tu wa kazi zake alitoa santuri 210. Lakini pamoja na kila wimbo kilichoandikwa ni kadi fupi, na kadi fupi haiwezi kubeba maana ya tenzi. Makhanda wanayo sauti na hawana wa kuifafanua, Kalenga wapo wa kuifafanua na hawana sauti, na hao wa Kalenga umri wao ni huo nilioutaja. Kwa hiyo tunapoomba nakala tusijione kama watu wanaoomba sadaka, kwa kuwa rekodi zile ni pungufu mpaka zitakapofika masikioni mwa wenye lugha yake.

Mwaka huo wa 1954 una kumbukumbu nyingine kwetu. Tarehe 19 Juni, pale Kalenga, Gavana Edward Twining alikabidhi fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililotoka katika makumbusho ya Bremen nchini Ujerumani, miaka 56 baada ya Mkwawa kujiua kwa risasi asikamatwe. Fuvu hilo lilidaiwa kwa maandishi: Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirejeshe ndani ya miezi sita, na bado ikachukua miaka 35 kutimia. Nimewapeleka wanafunzi Kalenga mara nyingi, na sijawahi kuona mwanafunzi aliyesimama mbele ya fuvu lile akatoka bila kuguswa. Hata hivyo katika ziara zangu zote sikusikia hata sauti moja ya wimbo wa watu wa Mkwawa. Tulidai mfupa kwa miongo kadhaa tukaupata, lakini sauti za wajukuu wa askari wake, zilizonaswa miaka minne tu kabla ya fuvu kurudi, sijawahi kusikia kwamba kuna ofisi ya mkoa wetu iliyoziandikia barua.

Tena Tracey si peke yake. Hifadhi ya Fonogramu ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900 na kuingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999, ina silinda za nta, yaani vyombo vya kunasia sauti vya enzi hizo, zilizorekodiwa katika makoloni ya Wajerumani, likiwemo koloni lao la Afrika Mashariki. Mtafiti wa Kijerumani Karl Weule alirekodi kusini mashariki mwa nchi yetu mwaka 1906, wakati vita ya Majimaji haijazimika kabisa. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia walioishi Rungwe katika miaka ya 1930 na kuandika kwa kirefu juu ya mazishi ya Wanyakyusa, ngoma zake na wachezaji wake, waliacha karatasi zao ambazo leo ziko katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mtafiti kijana wa Tukuyu anayetaka kujua bibi yake alicheza nini msibani analazimika kutafuta nauli ya Cape Town, au atafute kibali cha kutumiwa picha za kurasa moja moja.

Inawezekana kufanya vinginevyo, na ushahidi uko jirani. Huko Kapkatet nchini Kenya, mwaka huo huo wa 1950, Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba juu ya “Chemirocha”, jina walilolitoa kwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemsikia kwenye santuri na kumgeuza kiumbe wa ajabu wa nyimbo zao. Zaidi ya miaka 60 baadaye, maktaba ya Makhanda ilishirikiana na wanamuziki wa Nairobi kuzirudisha rekodi hizo vijijini, na baadhi ya waliorekodiwa wakiwa vijana walikutwa wakiwa hai, wakazisikia sauti zao wenyewe. Hayo yalifanyika kwa sababu kulikuwa na watu upande wa Kenya waliokuwa tayari kupokea, wenye vifaa, orodha ya majina na gari. Upande wetu, nani atapokea? Nimemuuliza ofisa mmoja wa halmashauri, ambaye sitamtaja, akanijibu kwa upole kwamba fungu lake la mwaka linaishia kwenye michezo ya shule na mapokezi.

Neno hilo la mapokezi naomba nilitulie kidogo, kwa kuwa nahisi ndipo tulipopotea. Ngoma zetu hazijafa. Mwenge ukipita mtaziona, na kiongozi akija kuzindua kisima mtaziona. Lakini mtaziona kwa dakika sita, juani, kabla ya hotuba, huku mshereheshaji akiwaharakisha, na wimbo uliotungwa upya jana usiku ili kutaja jina la mgeni. Sina ubaya na nyimbo za kumkaribisha mgeni, maana babu zetu nao walizitunga. Ninachosema ni kwamba kikundi kinachoitwa miaka 20 kwa ajili ya mapokezi tu kitabaki na nyimbo za mapokezi tu, na nyimbo za kuwinda, za kubembeleza mtoto, za kupalilia mahindi na ulezi, za kumtania mkwe, zitasahauliwa na wachezaji wenyewe kwa kukosa mtu wa kuziomba. Nimewahi kuwaomba akina mama wa kikundi kimoja wilayani Kilolo waniimbie wimbo wowote ambao hawajawahi kuimba mbele ya kiongozi. Walitazamana, wakacheka, wakanong'ona kwa muda mrefu, kisha mmoja akaanzisha wimbo ambao wawili kati yao, wenye umri wa chini ya miaka 40, hawakuweza kuuitikia.

Sitaki nionekane kana kwamba hakuna lolote jema. Tamasha la ngoma za asili la Tulia lililofanyika Tukuyu limewaleta pamoja wachezaji wengi kutoka mikoa mbalimbali, na ushindani una faida yake, kama Wasukuma walivyojua zamani kwa Wagika na Wagalu wao, vyama viwili vya ngoma vyenye upinzani, ambao hadi leo hushindana karibu na makumbusho ya Bujora. Boma la Iringa, jengo la enzi za Wajerumani lililofunguliwa mwaka 2016 kuwa makumbusho ya mkoa, ni kazi ya kujivunia. Ni kwa sababu ya Boma hilo nathubutu kuomba, kwani chumba kipo.

Ninachoomba ni hiki. Wizara iandike rasmi, kwa jina la Jamhuri, kwa maktaba ya Makhanda na kwa hifadhi ya Berlin, kuomba orodha kamili ya kila kilichorekodiwa katika ardhi ambayo leo ni mikoa yetu, pamoja na nakala za kidijitali zenye ubora wa kuhifadhiwa. Barua ya mwalimu mstaafu hujibiwa kwa adabu na kuwekwa kando, lakini barua ya wizara hufungua mazungumzo. Nakala zikija zisiishie katika kabati la Dar es Salaam. Ziwekwe Boma la Iringa, na ziwekwe katika maktaba ya mkoa Mbeya, ambako mtu wa Rungwe, Ileje au Mbozi anaweza kufika kwa basi la asubuhi na kurudi jioni. Na katika kila mahali hapo pawe na kompyuta moja, jozi mbili za spika za masikioni, na daftari ambalo mzee au bibi anaweza kumwambia msimamizi aandike anachokijua kuhusu wimbo aliousikia. Daftari hilo nalithamini kuliko kompyuta.

La pili lina haraka zaidi, kwa sababu silinda ya nta imesubiri miaka mia na inaweza kusubiri mwaka mwingine, lakini mwanadamu hawezi. Kila halmashauri impe Ofisa Utamaduni kinasa sauti kizuri cha mkononi, mafunzo ya siku chache, na mafuta ya pikipiki, ili awafuate wazee majumbani mwao. Arekodi wimbo mzima, na baada ya wimbo arekodi maelezo yake: uliimbwa lini, na nani, nani alikatazwa kuuimba. Faili zihifadhiwe bila kubanwa, kwa kiwango cha angalau kilohezi 48 na biti 24 kama wahifadhi wa sauti wanavyoshauri duniani, na nakala ziwe katika sehemu mbili zilizo mbali. Wimbo ulionaswa kwa simu na kutumwa kwa ujumbe hufika umechujwa, na kwa ligombo kinachochujwa kwanza ni ule mvumo mdogo unaobaki uzi ukishatulia, ambao wapigaji wenyewe huusubiri kabla ya kuendelea. Kwenye kaseti hali ni mbaya zaidi: ziko nyumba nyingi hapa zenye kaseti za harusi na misiba za miaka ya 1980, kanda zimeanza kunata na kumwaga vumbi lake la kahawia, na mashine za kuzichezea zinazidi kuwa adimu. Fundi redio wetu amejitolea kutengeneza mbili bila malipo.

La tatu ni idhini, na hapa naomba tusiige haraka ya mitandao. Sisi wa kibarazani tunapenda kushirikishana nyimbo, na ninatamani siku moja mtu wa Georgia amsikie Mbena wa Njombe kama mimi nilivyomsikia Mgeorgia. Hata hivyo si kila wimbo ni wa kutolewa nje. Nyimbo za unyago zina wenyewe, na wenyewe ni akina mama, wala si haki ya mwanamume kama mimi, wala ya halmashauri, kuzianika. Anayerekodiwa aulizwe kwa lugha yake, aelezwe wimbo utakwenda wapi, apewe nakala yake siku hiyo hiyo, na akisema usitoke, usitoke. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua kazi za jadi kuwa kitu cha kulindwa, kwa hiyo kinachokosekana ni fomu moja iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi na mtu wa kuisoma kwa sauti mbele ya asiyejua kusoma. Na wimbo ukija kutumiwa na msanii wa mjini au kampuni ya nje, kijiji kijue, kilipwe, kitajwe kwa jina.

Najua nitaulizwa kuhusu fedha wakati zahanati hazina dawa. Nami nimelala katika wodi za mkoa huu na sijasahau. Lakini haya ninayoyaomba yanalingana na gharama ya shughuli moja ya mapokezi yenye mahema, viti na chakula, na shughuli kama hizo sijawahi kusikia zikiahirishwa kwa ajili ya dawa.

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alisimama bungeni akatangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba hiyo aliuliza ni wangapi miongoni mwetu waliofundishwa shuleni nyimbo za Wanyamwezi au za Wahehe, na ni wangapi wanaoweza kucheza, au hata waliowahi kusikia, ngoma za Mangala na Kiduo, ilhali rumba na chachacha wanazijua. Aliwataja Wahehe kwa jina, bungeni, siku wizara yenu ilipozaliwa. Nimefundisha miaka 34, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kupewa hata ukurasa mmoja wa kitabu cha kiada wenye wimbo wa Kihehe. Nilifundisha nyimbo za Ulaya kwa noti za sol-fa, nikazifundisha vizuri, na wanafunzi wangu walishinda nazo vikombe ambavyo bado vimo katika kabati la shule.

Yule mzee wa mbele ya Kalenga amekubali kurekodiwa. Dada yake pia, ambaye anakaa Ifunda, amesema yuko tayari mradi aende mtu anayejua kusalimia. Mimi nitakwenda nao kwa nauli yangu, na kikundi chetu cha Jumapili kitaandika maneno na tafsiri bila kudai posho. Tunahitaji kinasa sauti cha kuazima, barua ya utambulisho ya kuonyesha kwa maofisa watendaji wa vijiji, na ahadi kwamba tutakacholeta kitapokelewa Boma kikiwa na namba na jina la mwimbaji. Mvua zikianza barabara ya kwa mzee haipitiki, kwa hiyo tungependa kuanza kabla ya mwisho wa Novemba.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Gangilonga, Iringa